Minyoo ya tumbo na maladi ya sukari: vinavyokutana, na vinavyochanganywa

Katika makartié ya Bunia, mtoto akianza kukonda huku anakula vizuri, jibu la nyumbani ni lile lile: "Huyu iko na minyoka." Mama anapita kwenye farmasi ya karibu, ananunua Vermox au albendazole, mtoto anatafuna, familia inangoja. Mara nyingi mama ana haki. Minyoo ni mingi Ituri, na dawa yake inafanya kazi.

Lakini kuna mtoto mmoja mmoja ambaye baada ya wiki mbili bado anakonda. Anaamka usiku kuomba maji. Anakojoa kitandani, wakati alikuwa amekwisha acha tangu zamani. Anapewa kidonge cha pili, kisha cha tatu, na jirani anashauri majani ya kuchemsha. Mtoto wa namna hiyo pengine hana minyoo hata kidogo. Anaweza kuwa na maladi ya sukari ya aina ya kwanza, na kila siku inayopita bila kupimwa inamsogeza karibu na koma.

Hapo ndipo minyoo na sukari vinakutana kwa watu wengi: kwenye dalili zinazofanana. Kuna mahali pengine pia vinakutana, ndani ya mwili wenyewe, ambapo waganga watafiti wamechimba kwa zaidi ya miaka 20. Walichoona kinashangaza: kwa watu fulani, minyoo inaonekana kupunguza kidogo hatari ya sukari. Habari hiyo ikifika mtaani nusu nusu inaweza kuua mtu, kwa hiyo ni bora ielezwe yote.

Minyoo gani, sukari gani

OMS, Shirika la Afya Duniani, inakadiria kwamba watu karibu bilioni 1.5 wana minyoo inayopatikana kwenye udongo. Iliyo ya kawaida ni askarisi, ile minene mirefu ambayo mtoto akiitoa nyumba nzima inashtuka. Trikurisi, midogo kama mjeledi. Na ankilostoma, ambayo kwa Kiswahili cha vitabu inaitwa minyoo ya safura. Mayai ya ile miwili ya kwanza mtu anayameza, kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa. Ankilostoma mara nyingi haimezwi. Kwa kawaida kiluwiluwi chake kinatoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, kinasafiri kwa damu mpaka kwenye mapafu, kinapanda kooni, kinamezwa, na mwisho kinajishika kwenye utumbo na kuanza kunyonya damu.

Mwenzake ambaye hasemwi sana ni strongiloidi. Huyu naye anaingia kwa miguu, lakini ana tabia ya pekee: anazaa ndani ya tumbo na watoto wake wanamwambukiza tena mtu yule yule. Mtu aliyeupata mnyoo huo utotoni anaweza kuwa nao akiwa mzee, bila kujua.

Bilarzia, yaani kichocho cha tumbo, si mnyoo wa utumbo kwa kusema kweli, juu unaishi ndani ya mishipa ya damu kando ya utumbo. Lakini mayai yake yanatoka kwa choo, na watu wanauhesabu pamoja na mingine. Kwa Ituri hauwezi kuachwa nje. Wavuvi na wafua nguo wa Kasenyi na Tchomia kwenye Ziwa Albert wanaujua. Munganga Maurice Nigo wa ISTM Nyankunde, chuo cha Bunia, na wenzake wa Uswisi walizunguka vijiji vya jimbo mwaka 2016 na 2017. Katika vijiji walivyochunguza kwa undani, zaidi ya nusu ya watu waliopimwa walikuwa nao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Na haukuwa kando ya ziwa tu, vijito vya ndani pia vina konokono wanaoubeba.

Kazi ya shimo nayo ina historia yake na ankilostoma. Mwaka 1880 wafanyakazi waliokuwa wakichimba handaki la reli la Saint-Gothard kule Uswisi walianza kudhoofika na kuwa weupe, na Mwitalia Edoardo Perroncito akaonyesha kwamba ni mnyoo huo unaowamaliza damu. Chini ya ardhi kulikuwa na joto, unyevu, na hakuna choo. Mtu aliyewahi kushuka kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Mongbwalu anaweza kuyatambua mazingira hayo bila kuelezwa.

Kuhusu sukari, kinachohitajika hapa ni kidogo. Insulini ni homoni inayofungulia sukari mlango wa kuingia kwenye viungo. Katika aina ya kwanza, mwili wenyewe umeshambulia kiwanda cha insulini, na mgonjwa, mara nyingi mtoto au kijana, hawezi kuishi bila sindano. Katika aina ya pili insulini ipo lakini mwili hauisikilizi vizuri. Hii ndiyo ya watu wazima wengi, na unene na kukaa bila kutembea vinaiongeza. Shirikisho la kimataifa la kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 wa Afrika wanaishi nayo, na zaidi ya nusu yao hawajui.

Mgeni anayetuliza walinzi

Mnyoo ni mgeni anayetaka kukaa miaka ndani ya nyumba ya mwenyewe. Ili asifukuzwe, anatoa vitu vinavyotuliza askari wa mwili. Askari hao wakitulia dhidi ya mnyoo, wanatulia kidogo na mahali pengine.

Kwa mtu mnene, mafuta ya tumboni hayakai kimya. Askari wa mwili wanajaa humo, wanafanya uvimbe mdogo usio na maumivu, na uvimbe huo ni moja ya sababu zinazofanya insulini isisikilizwe. Mnyoo anapotuliza askari hao, insulini inasikika tena kidogo. Kuna pia sababu rahisi zaidi: mtu mwenye minyoo mingi hanenepi, na mtu asiyenenepa hapati sukari ya aina ya pili kwa urahisi. Watafiti bado wanabishana sehemu gani ni ya nini.

Jambo lilianza na panya. Mwaka 1999 Anne Cooke na wenzake wa Cambridge walichukua panya wa jamii ambayo kwa kawaida inapata sukari ya aina ya kwanza, wakawapa bilarzia, au mayai yake tu, wakiwa wadogo. Wengi hawakuugua. Tangu hapo maabara nyingi zimerudia mambo ya namna hiyo, lakini panya si mtu, na maabara si Bunia.

Majaribio ya watu ndiyo yenye uzito. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, watu wa familia nyingi walipewa albendazole siku tatu mfululizo, kila miezi mitatu, kwa mwaka mmoja. Wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Kwa jamii nzima hakukuwa na tofauti. Lakini kwa wale ambao kweli walikuwa na minyoo mwanzoni, baada ya kutibiwa insulini yao ilisikilizwa kidogo chini ya mbele.

Karibu zaidi na Ituri kuna jaribio la Uganda, kwenye visiwa vya Koome katika Ziwa Viktoria. Vijiji 26 vya wavuvi viligawanywa. Vingine vilipata dawa ya bilarzia mara moja kwa mwaka na albendazole mara mbili, kama kawaida. Vingine vilipata zote mbili mara nne kwa mwaka, tena albendazole kwa dozi tatu. Ripoti ya mwaka 2020 inaonyesha kwamba kwa upande wa insulini, makundi mawili yalikuwa sawa. Kilichotofautiana ni mafuta mabaya ya damu: waliotibiwa sana walikuwa nayo juu kidogo. Wavuvi wa Koome wanaishi maisha yanayofanana na ya wavuvi wa Tchomia, samaki yule yule, maji ya ziwa, bilarzia ile ile, kwa hiyo matokeo yao yanastahili kusikilizwa hapa kuliko ya mbali. Nayo yanasema: kutibu minyoo hakukuwaletea maladi ya sukari.

Australia walifanya kinyume. Watu 40 wanene, ambao miili yao ilikuwa imeanza kukataa insulini, walikubali kugawanywa: wengine wakawekewa ngozini viluwiluwi 20 au 40 vya ankilostoma, wengine wakawekewa kitu kisicho na viluwiluwi. Walifuatwa miaka miwili. Ripoti ya 2023 inasema waliobeba mnyoo insulini yao ilisikilizwa vizuri zaidi, ingawa tumbo liliwasumbua, hasa mwanzoni. Watu hao walikuwa wanakula vizuri, wanapimwa damu mara kwa mara, na idadi ya viluwiluwi ilihesabiwa moja moja. Lengo la watafiti si kugawa minyoo bali kukitafuta kile mnyoo anachotoa, ili siku moja kiwe kidonge.

Hakuna hata mmoja kati ya waliofanya majaribio hayo aliyeshauri watu wa vijijini waache dawa ya minyoo.

Gharama ya mgeni huyo

Sababu ni hesabu. Ankilostoma mmoja wa aina iliyoenea zaidi Afrika anachukua karibu mililita 0.03 za damu kwa siku. Ni tone dogo. Mtu mwenye 100 anapoteza mililita 3 kwa siku, karibu 90 kwa mwezi. Aina ya pili ya ankilostoma inanyonya mara kadhaa zaidi. Kwa mwanaume anayekula nyama pengine atavumilia. Kwa mama mjamzito anayeishi na bugali na sombe, au mtoto wa miaka minne aliyetoka kwenye malaria mwezi uliopita, ni damu isiyopo. Bilarzia nayo inaziba ini kwa makovu ya mayai. Miaka inapita, tumbo linavimba, na siku moja mgonjwa anatapika damu. Kando ya ziwa watu wanaweza kuita hiyo sumu ya jirani.

Ukiweka upande mmoja insulini inayosikika kidogo zaidi, na upande mwingine damu, ini, na mtoto asiyeelewa somo darasani, mizani haisumbui. Mwizi aliyelala ndani ya nyumba anaweza kufukuza panya, lakini hakuna anayemwachia mlango wazi kwa ajili hiyo.

Damu inayopotea inaleta tatizo lingine ambalo watu wa labo wanalijua na wagonjwa hawaambiwi. Kuna kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kinachoitwa hemoglobini ya sukari. Kinasoma sukari iliyoshika kwenye chembe nyekundu za damu. Mtu asiye na chuma cha kutosha mwilini, kwa mfano juu ya ankilostoma ya muda mrefu, anaweza kupata namba ya juu kuliko ukweli. Aliyepoteza damu nyingi karibuni, au mwenye damu ya sikoseli, anaweza kupata namba ya chini. Kwa mgonjwa mweupe macho na ulimi, kipimo cha tone la damu asubuhi kabla ya kula, kikirudiwa siku nyingine, kinaaminika zaidi.

Vidonge vya kunenepesha

Kuna sehemu moja ambapo minyoo na sukari vinashikana vibaya, na si ya maabara. Ni ya soko. Kongo nzima kuna watu, wanawake hasa, wanaonunua deksametazoni ili mashavu yajae na makalio yaongezeke. Inauzwa bila karatasi ya munganga, wakati mwingine imechanganywa na dawa nyingine ya kuleta hamu ya kula. Uso unajaa kweli.

Deksametazoni inapandisha sukari ya damu. Mtu aliyekuwa kwenye mpaka anaweza kuvuka na kuwa mgonjwa; aliyekuwa tayari mgonjwa anaharibika haraka. Dawa hiyo hiyo inawalaza askari wa mwili, si kidogo kama mnyoo anavyofanya, bali kwa nguvu. Kama mtu ana strongiloidi aliyelala tumboni tangu utotoni, mnyoo huo unapata nafasi ya kuzaa bila kizuizi, unatoka kwenye utumbo, unaingia mapafu na hata ubongo, ukibeba vijidudu vya choo. Wengi wanaofikia hapo wanakufa, na familia inabaki inasema alikuwa amenenepa vizuri. Albendazole ya dozi moja haimmalizi mnyoo huyu; dawa yake ni ivermektini. Munganga anayetaka kumpa mtu deksametazoni kwa muda mrefu kwa sababu ya kweli, huku kwetu, ana haki ya kufikiria strongiloidi kwanza.

Dalili zinazodanganya

Minyoo mingi inaweza kukondesha, kuchosha, kuumiza tumbo, kuleta hamu ya kula au kuiondoa. Sukari ya aina ya kwanza inakondesha, inachosha, inaleta njaa, na ikishaharibika inaumiza tumbo na kutapisha. Ndiyo maana kosa ni rahisi, na munganga mwenyewe anaweza kulifanya.

Kitu kinachotenganisha ni maji. Minyoo haimfanyi mtoto anywe bidoni nzima na kukojoa kila saa. Kiu isiyoisha, mkojo mwingi, mtoto mkubwa aliyerudi kukojoa kitandani, au sisimizi wanaojaa mahali alipokojoa: hapo dawa ya minyoo inaweza kungoja, kipimo cha sukari hakingoji. Mtoto akianza kupumua kwa nguvu na kwa kina bila kukohoa, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva sana, akitapika na kulegea, ni mbio ya hopitali usiku huo huo, kwa moto au kwa mgongo. Malaria pia inaletea mtoto koma, na katika Bunia kipimo chake kinafanywa haraka. Tone lile lile la kidole linaweza kupima vyote viwili.

Namba ni hizi. Asubuhi bila kula, kuanzia miligramu 126 kwa desilita ni sukari, ikithibitishwa mara ya pili. Saa yoyote, kuanzia 200 pamoja na dalili hizo, haina mjadala.

Mtu mzima wa aina ya pili hana haraka hiyo, na ndiyo hatari yake. Anachoka, anasema ni minyoo au ni uzee, anameza kidonge kila miezi mitatu, na miaka mitano baadaye kidonda cha mguu hakiponi.

Nani ameze nini

Mgonjwa wa sukari hakatazwi dawa ya minyoo. Albendazole ni miligramu 400 mara moja kuanzia miaka miwili, na nusu yake, 200, kwa mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili. Mebendazole ni 500. Wanaopewa kwenye kampeni za shule na za vitamini A wanapata hizo hizo. Mama mwenye mimba ya miezi mitatu ya kwanza anangoja. Hakuna kati ya dawa hizo inayogusa bilarzia. Hiyo inahitaji prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, ambayo shuleni inapimwa kwa fimbo ya urefu. Mwaka 2022 OMS ilishauri itolewe kuanzia miaka miwili mahali ugonjwa umeenea, na kwa watu wazima pia.

Vita vimesukuma watu wengi wa Djugu na Irumu hadi mjini. Mtu aliyekuwa akilima mlima mzima sasa yuko kwenye saiti ya Kigonze au kwa ndugu yake Mudzipela, anakaa, anangoja, anakula kinachopatikana, na choo kinashirikiwa na familia nyingi. Minyoo inampata kupitia choo hicho. Sukari inampata kupitia kukaa. Wengine wamepata biashara kidogo, wanapanda moto hata kwa mita mia tatu, na sukre ya chupa imechukua nafasi ya maji kwenye kila sherehe. Ripoti za Flores na Koome zinawahusu hao kwa njia moja: minyoo ikipungua, na ni lazima ipungue, kile kidogo kilichokuwa kinashikilia sukari au mafuta ya damu kinaondoka nayo. Anayekuja kumeza dawa ya minyoo akiwa na tumbo kubwa na miaka 40 anaweza kuomba kidole chake kitobolewe siku hiyo hiyo.

Kuna kitu kimoja kinachofanya kazi kwa pande zote mbili, nacho hakiuzwi farmasi. Ankilostoma na strongiloidi huingia kwa mguu mtupu. Mgonjwa wa sukari, ambaye miguu yake inaweza kufa ganzi asisikie msumari, anakatazwa kutembea mguu mtupu hata ndani ya parsele. Viatu vilivyofungwa, vinavyokung'utwa kabla ya kuvaa, na macho yanayokagua nyayo kila jioni kwa taa.

Na kwa yule anayeuza dawa nyuma ya meza ya farmasi, mama akiomba Vermox ya tatu kwa mtoto yule yule ndani ya mwezi mmoja, kuna swali la kumuuliza kabla ya kupokea pesa: usiku, huyu mtoto anaamka kukojoa mara ngapi?